Kutibu chunusi kwa dawa za kumeza na madini ya zinki: mwongozo kamili wa hatua kwa hatua

Mtu mwenye chunusi anayeingia duka la dawa kuomba msaada mara nyingi hutoka na vitu viwili katika mfuko mmoja, yaani vidonge vya antibayotiki iitwayo doksisaiklini na kopo la madini, kisha kesho yake huvimeza vyote kwa mkupuo mmoja pamoja na chai ya maziwa. Kila kimoja kina nafasi yake katika kutibu chunusi, lakini vikikutana tumboni madini huishika dawa na kuizuia isifyonzwe ipasavyo, hivyo mgonjwa humaliza mwezi mzima akilipia dawa ambayo sehemu yake imepitiliza na choo. Mwongozo huu unaeleza nani anahitaji kumeza dawa, ni dawa ipi, kwa muda gani, madini yanasaidia kwa kiasi gani, na namna ya kupanga siku ili kimoja kisiharibu kingine.

Unawahusu watu wazima na vijana waliobalehe. Mjamzito, mama anayenyonyesha, mtoto aliye chini ya miaka 12 na mtu mwenye ugonjwa wa ini au wa figo wasianze chochote kilichomo humu kabla ya kuonana na daktari. Dawa mbili za mwishoni, spironolaktoni na aisotretinoini, hakuna anayepaswa kujianzishia mwenyewe, hata awe na afya njema kiasi gani.

Hatua ya kwanza: hakikisha ulicho nacho ni chunusi, na ujue ukali wake

Chunusi huanzia ndani ya kinyweleo. Tezi za mafuta zilizoungana nacho huchochewa na homoni za kiume, ambazo wanawake nao wanazo kwa kiasi kidogo, zikatoa mafuta mengi. Seli zilizokufa hushikamana na kuziba mdomo wa kinyweleo. Bakteria waitwao Cutibacterium acnes, ambao huishi kwenye ngozi ya kila mtu, hustawi katika mafuta yaliyofungiwa humo. Na mwili hujibu kwa uvimbe na usaha. Dawa zote zitakazotajwa hapa chini hugusa jambo moja au mawili kati ya haya manne. Aisotretinoini peke yake ndiyo inayoyagusa yote, na ndiyo maana ina nguvu kuliko nyingine na madhara makubwa kuliko nyingine.

Alama ya chunusi ya kweli ni kuwapo kwa vipele vilivyoziba, vyenye kichwa cheusi au cheupe, vikichanganyika na vipele vyekundu au vyeusi vyenye maumivu. Vipele vinavyowasha, vilivyolingana ukubwa, vilivyojaa kwenye paji la uso, kifuani na mgongoni bila vichwa vyeusi, huenda vinatokana na fangasi wa vinyweleo. Hao huongezeka mtu anapotumia antibayotiki, kwa hiyo kijana anayesema kuwa doksisaiklini ilimzidishia vipele anastahili kuangaliwa upya badala ya kuongezewa dozi. Vipele vya kidevuni na shingoni vinavyofuata wembe kwa mwanamume mwenye ndevu za kujikunja ni tatizo jingine pia. Vinasababishwa na nywele zinazoota kurudi ndani ya ngozi, na tiba yake huanza na namna ya kunyoa.

Baada ya hapo pima ukali. Vichwa vyeusi na vipele vichache usoni hutibiwa kwa dawa za kupaka tu. Dawa za kumeza huingia pale chunusi zinapokuwa nyingi na zenye usaha, zinapoenea mgongoni na kifuani ambako kupaka ni shida, au zinapoacha makovu yenye mashimo. Kwa ngozi nyeusi ningeongeza sababu nyingine ambayo vitabu vilivyoandikwa kwa ajili ya ngozi nyeupe huipitia juu juu: madoa meusi. Kipele kinachopona kwa wiki moja huweza kuacha doa linalokaa miezi, na kwa wagonjwa wengi doa ndilo linalowanyima raha kuliko kipele chenyewe. Uvimbe unaoacha madoa kila mara ni sababu halali ya kutibu mapema na kwa nguvu zaidi. Aliye na mavimbe makubwa ya ndani yenye maumivu asipoteze miezi akijaribu hili na lile, bali aombe rufaa kwa daktari wa ngozi mara moja.

Piga picha ya uso, ukiwa kwenye mwanga wa dirishani, siku unayoanza matibabu, na urudie kila baada ya wiki nne mahali palepale. Mabadiliko ya chunusi huja taratibu mno kwa kioo cha kila siku kuyaonyesha.

Hatua ya pili: ondoa kinachozilisha

Kabla ya kumeza kidonge chochote kagua vitu unavyotumia tayari. Wa kwanza kushukiwa ni mkorogo na krimu za kung'arisha ngozi, ambazo nyingi zina klobetasoli au betamethasoni, yaani steroidi zenye nguvu. Steroidi hizo hutuliza ngozi siku za mwanzo, kisha huzaa vipele vya aina yake, na mtu anapoziacha ghafla uso huwaka na vipele kufumuka kwa wiki kadhaa, jambo linalomrudisha kwenye krimu ileile. Zipo pia krimu za mchanganyiko wa steroidi, dawa ya fangasi na antibayotiki, ambazo huuzwa kama dawa ya kila kipele. Anayetumia mojawapo kwa muda mrefu amweleze daktari waziwazi, kwa kuwa hakuna kidonge kitakachoshinda krimu inayopakwa kila usiku.

Baadhi ya dawa na viongezalishe nazo huzaa vipele vya namna ya chunusi. Zimo isoniazidi inayotumika kutibu na kuzuia kifua kikuu, prednisoloni, fenitoini ya kifafa, na vitamini B12 kwa dozi kubwa. Dawa ya kifua kikuu au ya kifafa haiachwi kwa sababu ya vipele. Mweleze tu anayekupatia dawa hizo. Kwa wanawake, sindano ya uzazi wa mpango ya kila miezi mitatu na vipandikizi huweza kuzidisha chunusi kwa baadhi yao, kwa sababu vina homoni ya projestini peke yake. Ikiwa chunusi zilianza miezi michache baada ya kuchomwa sindano au kuwekewa kijiti, hilo ni jambo la kujadili na mhudumu wa uzazi wa mpango. Mafuta mazito ya nywele yanayoteremka hadi kwenye paji la uso yaondolewe pia.

Hatua ya tatu: weka msingi wa dawa ya kupaka

Sehemu hii huonekana kuwa nje ya mada, lakini bila hiyo dawa za kumeza hufanya nusu ya kazi. Antibayotiki ya kumeza ikitumika peke yake huwafundisha bakteria usugu, wakati benzoili peroksaidi huwaua kwa njia ambayo hawajaweza kuizoea. Miongozo ya Uingereza ya mwaka 2021 na ya madaktari wa ngozi wa Marekani ya mwaka 2024 inakubaliana juu ya jambo hili: antibayotiki ya kumeza iambatane na dawa ya kupaka, na isiwe peke yake.

Kinachotumika kwa kawaida ni jeli ya benzoili peroksaidi ya asilimia 2.5 au 5, pamoja na adapalini ya asilimia 0.1, ambayo huzibua vinyweleo. Anza kwa kupaka usiku mmoja na kuruka mmoja, tabaka jembamba juu ya uso mzima wala si juu ya kipele kimoja kimoja, kwa kuwa kazi yake ni kuzuia vipele ambavyo bado havijaonekana. Ngozi nyeusi ikiunguzwa na dawa huota madoa mapya, hivyo haraka haina faida. Adapalini haitumiwi na mjamzito. Tumia taulo na foronya nyeupe, kwa maana benzoili peroksaidi huchujua rangi ya nguo.

Hatua ya nne: doksisaiklini, na jinsi ya kuimeza

Doksisaiklini ndiyo antibayotiki inayotangulia kwa chunusi za wastani na kali. Dozi ya kawaida kwa mtu mzima ni miligramu 100 mara moja kwa siku. Mbali na kupunguza bakteria, hutuliza uvimbe wenyewe, na hiyo ni sehemu kubwa ya faida yake. Limesaiklini ya miligramu 408 hufanya kazi ileile pale inapopatikana. Minosaiklini nayo imo katika ukoo huu, ila ina madhara adimu ambayo ni mabaya zaidi, yakiwemo ya ini na ya kubadilisha rangi ya ngozi, kwa hiyo sioni sababu ya kuanza nayo.

Namna ya kumeza ina uzito kuliko watu wanavyodhani. Kapsuli imezwe kwa glasi nzima ya maji, mtu akiwa ameketi wima au amesimama, na asilale kwa angalau nusu saa. Ikikwama kwenye umio huchoma na kuacha kidonda, na mgonjwa huamka na maumivu makali ya kifua kila anapomeza mate. Ndiyo maana haifai kumezwa mtu akiwa tayari kitandani. Inaweza kuchukuliwa pamoja na chakula ili kuepuka kichefuchefu, na hapa inatofautiana na tetrasaiklini ya zamani iliyohitaji tumbo tupu. Chakula hicho kisiwe na maziwa mengi, kwani kalsiamu ya maziwa hupunguza kiasi kinachofyonzwa. Anayeimeza asubuhi anywe chai ya rangi, na ile ya maziwa aihifadhi kwa saa mbili au tatu baadaye.

Vivyo hivyo kwa vidonge vya kutuliza kiungulia vyenye magnesiamu au aluminiamu, vidonge vya kalsiamu, vya zinki na vya madini ya chuma. Chuma ndicho kisumbufu zaidi, kwa kuwa hushika hata ile doksisaiklini iliyokwisha kuingia mwilini na kurudi utumboni kwa njia ya nyongo. Kutenganisha kwa saa chache hupunguza tatizo bila kulimaliza. Mtu anayetibiwa upungufu wa damu kwa vidonge vya chuma ana haki ya kumuuliza daktari iwapo ni bora kumaliza tiba ya damu kwanza na kuiacha chunusi ingoje.

Doksisaiklini huifanya ngozi iungue kwa jua kwa urahisi. Watu wengi wenye ngozi nyeusi hudhani onyo hili haliwahusu, lakini jua hilohilo hukoleza madoa, kwa hiyo kofia pana na krimu ya kuzuia jua zina maana kwao pia. Wanawake wengine hupata fangasi ukeni. Kichwa kinachouma sana pamoja na kuona ukungu ni dalili ya shinikizo kuongezeka ndani ya fuvu: dawa iachwe siku hiyo hiyo na mtu aende hospitali. Mjamzito haruhusiwi kuitumia, kwani huathiri meno na mifupa ya mtoto. Kwake daktari huweza kuchagua erithromaisini au azithromaisini.

Dozi hii ya miligramu 100 kwa siku ndiyo pia wanayopewa wasafiri kujikinga na malaria, na wapo wanaojiaminisha kwamba sasa wamekingwa. Usiache chandarua, na homa yoyote ipimwe kama kawaida.

Muda ni wiki 12. Usitarajie tofauti ya kuonekana kabla ya wiki ya sita au ya nane. Zikifika wiki 12 na chunusi zimetulia, antibayotiki husimama na dawa ya kupaka huendelea. Zikifika na hakuna kilichobadilika, kuhamia antibayotiki nyingine na kisha nyingine ni kupoteza muda na kulea usugu, na hatua inayofaa ni kupanda ngazi. Jambo baya ninaloliona likizoeleka ni kununua vidonge kumi, kumeza siku tano, kupumzika, na kuanza tena mwezi ujao vipele vinaporudi. Mtindo huo haumtibu mtu, na bakteria wanaopona ni wale waliokwisha izoea dawa.

Hatua ya tano: zinki, kwa matarajio ya kweli

Kati ya madini yote, zinki ndiyo pekee yenye utafiti wa kutosha kustahili kujadiliwa. Mwaka 1977 Gerd Michaëlsson na wenzake wa Uppsala, Uswidi, walichapisha matokeo ya wagonjwa waliomeza zinki salfeti na kupata nafuu kubwa, lakini kwa kiasi cha miligramu 135 za zinki kwa siku, ambacho leo hakuna daktari angekiruhusu kwa ajili ya vipele. Jaribio lenye mafunzo zaidi lilichapishwa Ufaransa mwaka 2001. Wagonjwa 332 waligawanywa, wengine wakipewa zinki glukoneti yenye miligramu 30 za zinki halisi na wengine minosaiklini miligramu 100, kila siku kwa miezi mitatu. Tiba ilihesabiwa kufaulu kwa asilimia 31.2 ya waliotumia zinki, na kwa asilimia 63.4 ya waliotumia minosaiklini. Kwa maneno mengine, zinki inasaidia watu fulani, ila ni takribani nusu ya antibayotiki kwa nguvu. Mwongozo wa Marekani wa mwaka 2024 uliona ushahidi wake bado hautoshi kuipendekeza rasmi.

Basi nani aitumie? Mwenye chunusi za wastani zenye uvimbe ambaye hawezi au hataki antibayotiki, aliyemaliza wiki 12 za doksisaiklini na anataka kitu cha kushikilia nafuu, au ambaye chakula chake kina zinki kidogo. Hili la mwisho halipaswi kudharauliwa katika nchi zetu, kwa sababu fiteti zilizomo kwenye unga wa mahindi na maharage hushika zinki na kuizuia isifyonzwe. Kuloweka maharage, kuvundika unga wa uji hadi uchachuke, na kuongeza nyama au dagaa kwenye mlo hupunguza tatizo hilo bila kidonge chochote. Mahitaji ya mtu mzima kwa siku ni miligramu 11 kwa mwanamume na 8 kwa mwanamke.

Anayenunua vidonge asome lebo kwa makini, kwa kuwa hapo ndipo makosa ya dozi huzaliwa. Namba iliyoandikwa huweza kuwa uzito wa chumvi nzima au uzito wa zinki iliyomo ndani yake, na hivi viwili vinatofautiana sana: zinki salfeti ya miligramu 220 ina takribani miligramu 50 za zinki, huku zinki glukoneti ya miligramu 50 ikiwa na kama miligramu 7 tu. Vidonge vya zinki vya kuyeyuka kwenye maji ambavyo watoto wanaoharisha hupewa pamoja na chumvichumvi ya kuongeza maji, kama Shirika la Afya Duniani na UNICEF walivyoshauri tangu mwaka 2004, vina miligramu 20 za zinki halisi kila kimoja. Kwa mtu mzima, kidonge kimoja cha aina hiyo kwa siku ni kiasi cha busara, alimradi akinunue mwenyewe dukani na asichukue vya kituo vilivyotengwa kwa ajili ya watoto.

Kikomo cha juu cha zinki kutoka vyanzo vyote, kwa mtu asiye chini ya uangalizi wa daktari, ni miligramu 40 kwa siku kwa viwango vya Marekani na 25 kwa viwango vya Ulaya. Ile dozi ya 30 ya jaribio la Ufaransa iko kati ya hivyo viwili, hivyo isizidi miezi mitatu bila ushauri. Zinki nyingi kwa muda mrefu huzuia mwili kufyonza shaba, na upungufu wa shaba huleta upungufu wa damu na kuharibu mishipa ya fahamu, ambapo ganzi ya miguu inaweza isipone kabisa. Kichefuchefu ni cha kawaida zaidi na huondoka zinki inapomezwa baada ya mlo.

Kuhusu seleniamu, magnesiamu, kromiamu na yale makopo yenye orodha ndefu ya madini kwa ajili ya ngozi nitasema kwa ufupi: fedha hiyo inunue benzoili peroksaidi.

Siku inapangwaje

Anayetumia doksisaiklini na zinki kwa pamoja azipe ncha mbili za siku. Saa mbili asubuhi ameze doksisaiklini kwa glasi ya maji, pamoja na kifungua kinywa kisicho na maziwa, kama vile muhogo, viazi au chapati kwa chai ya rangi. Chai ya maziwa au mtindi vinaweza kuja kuanzia saa tano. Saa mbili usiku, baada ya chakula cha jioni, ameze zinki. Akisahau doksisaiklini ya asubuhi anaweza kuimeza mchana. Akiikumbuka usiku, airuke na aendelee kesho, asimeze mbili. Zinki iliyosahauliwa iachwe tu. Adapalini au benzoili peroksaidi hupakwa usiku juu ya uso uliooshwa na kukauka.

Hatua ya sita: kwa wanawake, fikiria homoni

Chunusi za mwanamke mtu mzima zinazojikusanya kidevuni na kwenye taya, zikipamba moto siku chache kabla ya hedhi, hutii vizuri tiba ya homoni. Zikiambatana na hedhi zinazopotea kwa miezi, nywele zinazoota kidevuni au kupungua kichwani, na uzito unaoongezeka, aombe kupimwa kuhusu vifuko vya maji kwenye ovari kabla ya kuendelea na vidonge vya ngozi.

Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni mbili, estrojeni na projestini, hupunguza mafuta ya ngozi, ila huhitaji miezi mitatu hadi sita kuonyesha kazi yake. Havimfai aliyewahi kupata damu kuganda mguuni au kwenye mapafu, mwenye shinikizo la damu, mwenye kipandauso kinachotanguliwa na mimweko ya macho, wala mvutaji wa sigara aliyezidi miaka 35. Doksisaiklini haipunguzi nguvu ya vidonge hivi, kinyume cha inavyosemwa mitaani. Kutapika au kuharisha ndiko kunakoipunguza.

Spironolaktoni ni dawa ya zamani ya moyo na shinikizo ambayo pia huzuia homoni za kiume zisiiguse ngozi. Jaribio la Uingereza lililochapishwa mwaka 2023, lililohusisha wanawake 410, lilianza na miligramu 50 kwa siku na kupanda hadi 100, na nafuu ilionekana wazi zaidi kufikia wiki ya 24 kuliko ya 12. Haitumiki wakati wa ujauzito wala kwa anayetarajia kuupata, na wanaume hawapewi kwa kuwa huwaotesha matiti. Mwenye ugonjwa wa figo au anayetumia dawa nyingine za shinikizo lazima apimwe kiwango cha potasiamu. Ni dawa ya cheti cha daktari na ufuatiliaji.

Hatua ya saba: aisotretinoini

Iliidhinishwa Marekani mwaka 1982 na hadi leo hakuna iliyoishinda kwa chunusi za mavimbe, zinazoacha makovu, au zilizokataa kila kitu kingine. Kawaida dozi huwa miligramu 0.5 hadi 1 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, mpaka jumla ifikie miligramu 120 hadi 150 kwa kilo. Mtu wa kilo 60 anahitaji angalau miligramu 7,200 kwa ujumla. Akimeza 40 kwa siku atamaliza baada ya miezi sita, na kwa 30 baada ya minane. Imezwe pamoja na chakula chenye mafuta, kwani tumbo tupu huifyonza kidogo mno. Dozi ya chini mwanzoni hupunguza ile hali ya chunusi kuzidi katika mwezi wa kwanza, ambayo kwa ngozi nyeusi huacha madoa mengi.

Kinachoifanya dawa hii iogopwe ni ujauzito. Huharibu ubongo, moyo na uso wa kijusi, hata kwa dozi chache, na ndiyo maana tangu mwaka 2006 Marekani haiitoi nje ya mpango maalumu wa uandikishaji uitwao iPLEDGE. Mwanamke anayeweza kushika mimba hupimwa ujauzito kabla ya kuanza na kila mwezi, na hutumia uzazi wa mpango wa uhakika kuanzia mwezi mmoja kabla, muda wote wa dawa, na mwezi mmoja baada ya kidonge cha mwisho. Hakuna anayetumia, mwanamume au mwanamke, anayeruhusiwa kuchangia damu katika kipindi hicho, kwa sababu damu hiyo inaweza kumfikia mjamzito. Vidonge visigawiwe rafiki. Hili lingepaswa kuwa wazi, lakini hutokea.

Midomo hukauka kwa karibu kila mtu, hivyo mafuta ya midomo yawe mfukoni kila wakati. Damu hupimwa kuangalia ini na mafuta kabla ya kuanza na tena baada ya wiki kadhaa. Huzuni isiyo ya kawaida au mawazo ya kujidhuru yaelezwe kwa daktari papo hapo, na ni vyema mtu mmoja wa nyumbani ajue dalili hizo ili azione kabla ya mgonjwa mwenyewe.

Hapa napo viongezalishe vina neno. Aisotretinoini ni ndugu wa vitamini A, kwa hiyo kuongeza vidonge vya vitamini A, au mafuta ya ini la chewa ambayo yana vitamini hiyo kwa wingi, huleta sumu ya vitamini A. Doksisaiklini na ndugu zake zisitumiwe kwa wakati mmoja nayo, kwani zote mbili huweza kuongeza shinikizo ndani ya fuvu. Moja iachwe kabla ya nyingine kuanza.

Pa kwenda

Madaktari wa ngozi ni wachache na wengi wako mijini, lakini hospitali nyingi za rufaa za mikoa zina kliniki ya ngozi siku maalumu za wiki. Tanzania ina kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo hospitali ya KCMC, Moshi, ambacho huwafundisha wahudumu wa nchi nyingi za Afrika, na wahitimu wake hupatikana hata nje ya miji mikubwa. Nenda na picha zako na pakiti za kila ulichokwisha tumia, pamoja na krimu. Kuhusu dawa yenyewe, angalia kama imesajiliwa na mamlaka ya dawa, TMDA, kwa Tanzania au bodi ya dawa na sumu kwa Kenya, na usinunue aisotretinoini kwa mtu anayeiuza kwenye simu bila kuuliza habari za ujauzito.

Hatua ya nane: vidonge vinapoisha

Doksisaiklini inaposimama, adapalini au benzoili peroksaidi huendelea kwa miezi mingi, hata kama uso umetakata. Wanaoacha vyote kwa pamoja ndio wanaorudi kliniki. Zinki inaweza kupunguzwa hadi kiasi cha mahitaji ya kawaida au kuachwa kabisa. Spironolaktoni na vidonge vya homoni havina mwisho uliopangwa, na chunusi huweza kurejea miezi michache baada ya kuviacha, kwa hiyo uamuzi huo ufanywe na daktari wakati mwanamke anapofikiria kupata mtoto, si baada ya mimba kuingia. Wengi waliomaliza aisotretinoini hawahitaji kidonge tena. Kwa wale wachache wanaorudiwa, awamu ya pili haianzi kabla ya miezi miwili kupita, kwa kuwa ngozi huendelea kutulia kwa wiki kadhaa baada ya kidonge cha mwisho.